Sura Yake Getini

Bango lilitundikwa kwenye geti la chuo cha uuguzi siku ya Ijumaa, na kufikia saa ya chai hakuna aliyekuwa hajalisoma. Binti aliyechorwa humo alilikuta akitoka maabara. Sura yake, kubwa kuliko mlango, inachekelea ndani ya sare nyeupe. Chini yake nembo ya chuo, na maandishi mekundu: "NILILALA NJAA. LEO NINASOMEA UUGUZI."

Maneno yale aliyasema mara moja tu maishani, ofisini kwa mwalimu mlezi, mlango umefungwa, akilia kwa kwikwi. Mwalimu yule, ambaye binti alizoea kumwita Mama, alimpa leso akamwambia, "Yaishie hapahapa, mwanangu." Picha nayo aliiomba kwa ajili ya ubao wa wanafunzi bora, kule korido ya juu.

"Vipi, Mlalanjaa?" mwenzake mmoja akamtania. Kicheko kikalipuka, na jina likanata palepale.

Akaingia ofisini bila hodi.

"Mama, lile bango..."

"Umeliona? Limependeza, eh! Mkuu kalisifu mpaka basi. Vyuo vingine vina skrini za matangazo, sisi tuna wewe. Mengine tumeweka maktaba na kwenye ngazi za bwalo."

"Nilikuambia wewe. Sikuwaambia watu."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Jina lako sikulitaja. Na wapo mabinti watakaokuja hapa kwa sababu yako. Usiwe na moyo mdogo."

"Kesho ni siku ya wazazi, mama yangu anakuja. Litoe, nakusihi."

"Mafundi wameshaondoka," alisema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Binti alipanga kumpokea mama yake kituoni, ampitishe geti la nyuma. Lakini mama alikuja mapema. Binti alimkuta amesimama mbele ya bango, amevaa gauni lake la kutokea, midomo ikicheza, akisoma herufi moja moja. Alikuwa dobi, vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa sabuni.

"Nani alikulaza njaa?" aliuliza bila kugeuka.

"Mama..."

"Nimefua nguo za watu mpaka kucha zikaning'oka. Nikikuuliza, unasema umeshiba."

"Nilikuwa nakuachia wewe ule."

Mama akageuka. "Basi ungeniambia mimi," akasema, sauti ikimkatika. "Mimi! Unakwenda kuliambia geti?"

Mwalimu mlezi akaja mikono wazi, tabasamu hadi magego. "Karibu sana, mzazi wa nyota yetu!"

Mama akampita kama anayepita nguzo, akaulizia ofisi ya mkuu.

"Shikamoo, mwalimu," binti akasema.

Mwalimu akakodoa macho. Neno "mwalimu" hakuwahi kulisikia kinywani mwa binti.

Jumatatu bango likashushwa. Ya maktaba na ya ngazini yalibaki mpaka muhula ukaisha, maana hakuna aliyejishughulisha nayo. Binti alimaliza masomo yake vizuri, lakini ofisi ile hakuikanyaga tena, na wenzake walimwona msiri kupita kiasi.

Mama naye hakulitaja tena bango. Ila tangu siku ile, kila akipiga simu, kabla hata ya salamu huuliza, "Kuna jambo umemwambia mtu, mimi hujaniambia?"

Na binti hutafuta la kumwambia.