Kumsahihisha Mama Mkwe

Katika darasa la jioni la Kiingereza, mtu akijibu swali, jirani yake wa dawati ndiye husimama na kumsahihisha. Ndivyo mwalimu alivyopenda. Basi jirani wa dada mmoja, mpiga pasi wa kwa dobi, alikuwa mama mkwe wake, mpishi wa kantini, ambaye magoti yake hayakuwahi kuenea chini ya madawati yale ya watoto. Walikwenda wote wawili, na Bonge, mtoto wa mpiga pasi, wakamlaza kwenye mkeka nyuma ya darasa.

Jioni hiyo mwalimu aliandika ubaoni male na female, mwanamume na mwanamke, akauliza kama maneno hayo yana undugu.

Mama mkwe alinyanyua mkono kabla ya wote. "Female ametoka kwa male, mwalimu. Ni kama mke: anaongezewa kitu mbele, lakini jina ni la mume."

"Jirani unasemaje?"

Mpiga pasi alisimama. Jibu lilikuwa likimwasha ulimini. "Si kweli hata kidogo!" akasema, kicheko kikamponyoka. "Yote yametoka Kilatini, lakini kila moja na ukoo wake. Female lilipita kwa Wafaransa, na lilipofika kwa Waingereza wakalifinyanga lifanane na mwenzake. Mama amebahatisha tu!"

Darasa zima likacheka. Kinyozi aliyekaa mbele akageuka. "Mama, leo umenyolewa bila maji!"

Mama mkwe naye akacheka, kidogo, akitazama mikono yake iliyokuwa bado inanuka vitunguu. Hapo ndipo mkwewe alipokumbuka habari ile aliipata lini. Ni juma lililotangulia, Bonge alipokuwa na homa. Mama alikuwa ameshavaa, daftari kwapani. Akavua viatu, akasema, "Nenda wewe, mwanangu, kichwa chako bado kinashika. Nitambeba mimi." Naye alikwenda, akalisikia jibu hilo kwa mwalimu, akarudi, akala, akalala. Hakumsimulia hata neno moja.

Nyumbani hakugombezwa. "Karibu chakula, mwalimu," mama mkwe alisema kwa upole. Asubuhi tena: "Maji ya mtoto yamechemka, mwalimu." Mume akadhani ni sifa. "Ala! Mke wangu siku hizi mwalimu!" Chai ikampalia mkewe, macho yakajaa machozi, akasingizia chai.

Siku ya darasa ilipofika, mama hakuvaa nguo za kutoka.

"Nenda tu. Mzee mzima nikabahatishe nini huko?"

"Mama, nisamehe. Nilikosa."

"Ulikosa wapi? Ulijibu sawasawa." Akaendelea kumenya vitunguu.

Alikwenda peke yake, miguu mizito kama ya mtu anayepelekwa polisi. Njiani aliwaza kwamba kosa lililofanywa mbele za watu haliombewi radhi jikoni. Kabla mwalimu hajashika chaki, akasimama, uso ukimwaka.

"Jibu la siku ile nililisikia hapa, mama alipobaki na mwanangu mgonjwa ili mimi nije. Nikarudi, nisimfundishe. Kisha nikamcheka mbele yenu."

Kinyozi alijikuna kidevu, akatazama dirishani.

Lakini kinyozi huyo hunywa chai kantini kila asubuhi, na maneno hayana miguu ila hufika. Kesho yake jioni mama mkwe aliingia, akatua kapu.

"Kwa hiyo umenitangaza tena."

"Mama, mimi nilitaka…"

"Mara ya kwanza umenifanya mjinga, mara ya pili yaya." Midomo ilimcheza, kama ya mtu anayezuia tabasamu, kisha ikatulia. "Nitakuja. Ila dawati moja hatukai."

"Sawa, Mama." Neno hilo lilimchoma, akaona amestahili.

Basi darasa lililofuata mama alikaa mbele, ubavuni mwa kinyozi, na mkwewe nyuma, karibu na mkeka. Mwalimu akaandika isle na island, akaeleza kwamba yote mawili ni kisiwa, akauliza kama ni ndugu.

Mkono wa mama ukapanda nusu. Ukashuka. Ukapanda tena, polepole, mpaka juu.

Mara hii mkwe mwenyewe hakulijua jibu. Akainamisha kichwa, akabana midomo, akamwombea mama apatie.