Maua ya Kanyere ya Fête-Dieu

Mvua ya mwezi wa tatu ilipoanza kupiga Butembo, Kanyere alirukaruka uani hadi kuku wakakimbia. Miaka mitano tu, na amechaguliwa! Siku ya Fête-Dieu, sikukuu ya Mwili wa Kristo, angekuwa kati ya batoto wanaomwaga maua mbele ya Sakramenti. Lakini kila mutoto alete maua yake mwenyewe. Asiye nayo atabaki pembeni kutazama wenzake.

"Koko, tupande leo! Leo leo!"

Koko Mariette, mama ya baba yake, alifungua karatasi ya mbegu za maua iliyotumwa na binti yake sista kule Lubero. Ndogo, jamani, kama za lengalenga! Koko amelima maharagi kule Musienene tangu ujana, hajawahi kupanda ua hata moja. Ua haliingii chunguni.

"Tunyunyize juu juu, sawa lengalenga," Kanyere akasema.

"Weye! Kitu ya Mungu tunyunyize kama mboga? Hapana! Tutaipatia heshima ya maharagi."

Basi jembe likashuka. Mashimo ya kwenda chini, mbegu tatu tatu, udongo juu, kisigino kikakandamiza. Kanyere alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Mbegu chache zilibaki zimeganda viganjani mwake. Akanawa mlangoni pa jikoni, maji yakamwagika hapo hapo.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kila asubuhi Kanyere alilala kifudifudi shambani, sikio chini.

"Koko, zimekufa?"

"Subira, mutoto." Lakini Mariette alishaanza kuelewa kwamba amezizika chini mno, hakuzipanda. Kwa aibu na hasira akabeba jembe, akaenda kufyeka majani yaliyoota mlangoni pa jikoni.

Kanyere akajitupa juu ya majani hayo, tope hadi masikioni. "Acha, Koko! Ni yangu! Ni pale nilinawa!"

Mariette akainama. Kila jani la shamba analijua kwa jina, haya hakuyajua. Jembe likamponyoka. "Yesu Maria!" Akapiga vigelegele hadi mama Kavuo, jirani, akatoka mbio na mwiko mkononi.

Mwezi wa sita kikapu kilijaa maua mekundu na ya manjano. Kanyere akamwaga njia nzima, kifua mbele. Koko alilia waziwazi, wala hakujifuta.

Maua mawili alikataza yasichumwe. Yalipokauka, akakung'uta mbegu kwenye kitenge chake, akamwita mjukuu.

"Kanyere, mvua ikirudi, weye ndiye utanifundisha kunawa mikono."