Kufuli la Herufi

Meneja alipoingia chumba cha wachapaji asubuhi ile, hakusalimia mtu. Alisimama katikati ya meza akazungusha macho kwenye skrini. Hapa timu ya mpira, pale maua, kule mtoto wa mtu anacheka bila meno. Skrini ya Shangazi haikuwa na picha. Ilikuwa na herufi tu, kubwa kama vigae vya sakafu.

"Hii ni nyumba ya vitabu au gulio?" akauliza. "Kesho wanunuzi wa vitabu vya shule wanakuja kuona kazi. Nataka skrini zote zifanane. Picha moja, rangi moja, herufi ndogo ili kurasa mbili zikae ubavu kwa ubavu. Na mtu asiweze kubadilisha kitu. Fundi, umenisikia?"

"Nimekusikia, bosi," akajibu binti aliyetunza kompyuta za Linux za ofisi ile.

"Na asiyeona herufi ndogo," Meneja akamalizia akiwa ameshageuka, "mapokezi kuna simu inayohitaji mtu wa kuipokea."

Hakutaja jina, na hapakuwa na haja. Ni macho ya mtu mmoja tu yaliyokuwa yameanza kuchoka mle ndani.

Shangazi alikuwa msahihishaji. Kila kitabu cha nyumba ile kilipita kwanza mbele ya miwani yake, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kalamu yake nyekundu. Fundi alikuwa binti wa kaka yake, na Shangazi ndiye aliyemlea, akimsahihisha hata alipokuwa analia: "Husemi 'nimeumia kwa mguu.' Unasema 'nimeumia mguu.' Haya, endelea kulia." Kumtoa mtu kama huyo kwenye kurasa na kumpa simu kulikuwa ni kumzika akiwa anatembea.

Akaunti za wote zilikaa kwenye kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma. Ukiketi kiti chochote ukaandika nywila yako, unalikuta eneokazi lako, picha na herufi zako, kama ulivyoliacha. Kwa hiyo Fundi hakuhitaji kupita akaunti moja baada ya nyingine. Aliandika faili moja la mipangilio ya wote, kisha jingine la makufuli, mstari mmoja kwa kila kitu kisichoruhusiwa kuguswa: picha, rangi, ukubwa wa herufi.

Shangazi alikuja akasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Hiyo mipangilio ya wote mnaiitaje?"

"Chaguo-msingi."

"Chaguo? Nani kachagua? Mbona sikuulizwa?"

"Shangazi, chaguo-msingi ni kile anachopewa mtu asiyesema kitu."

"Basi halinihusu. Mimi lini nimenyamaza?"

Nyuma yake, mchapaji waliyemwita Kasi kwa sababu ya vidole vyake alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu hata akilala anasahihisha ndoto!"

Fundi alicheka pia, kisha akarudi kwenye kibodi. Palipo na kufuli, kusema hakusaidii. Aliiamuru kompyuta imeze faili zote mbili, nayo ikameza.

Kesho yake chumba kizima kilikuwa cha buluu, picha ileile kila skrini. Kilipendeza, tusiseme uongo. Shangazi aliinama mpaka miwani ikagonga kioo. Alisoma mstari mmoja, akasugua macho, akausoma tena. Akatafuta mahali pa kukuza herufi. Kitufe kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Kisha hakusema kitu. Fundi hakuwahi kumwona hivyo.

Meneja naye aliona. "Wageni wakiondoka, hamia mapokezi. Ni kwa faida yako, mama."

Shangazi akaanza kukusanya vitu vyake: kalamu nyekundu, kitambaa cha miwani, mto mdogo wa kiti.

Fundi aliondoka mbio mpaka chumba cha nyuma akafungua faili la makufuli. Meneja akamfuata.

"Unafanya nini?"

"Natoa mstari mmoja. Wa ukubwa wa herufi. Picha inabaki, rangi inabaki."

"Nilisema zifanane!"

"Zitafanana, bosi. Asiyesema kitu atapata herufi zako ndogo. Anayetaka kubwa, aseme."

"Ukifuta mstari huo, mapokezi mtakwenda wawili."

"Basi ongeza kiti."

Akaufuta, akaiamuru kompyuta imeze faili upya. Nje milango ya gari ikasikika ikifungwa, na Meneja akakimbilia wageni huku akihangaika na kifungo cha koti.

Fundi akarudi mbio kwenye meza ya Shangazi. "Shangazi, toka kwenye akaunti, uingie tena."

"Niingie nikafanye nini? Si nimeshafunga virago?"

"Ingia tu, nakuomba."

Aliingia huku akibonyeza vitufe kama anayeponda kitu. Ikaja buluu, ikaja picha ya wote. Kisha ukurasa ukafunguka, na herufi zilikuwa vigae. Fundi alikuwa ameinua mkono amwonyeshe pa kuzikuzia. Mkono ukabaki hewani.

"Nani kanirudishia?"

"Hakuna." Fundi mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anaelewa. "Kufuli halikufuta ulichosema zamani, ulipokuza herufi zako. Lilikuziba mdomo tu. Neno lako lilikuwa palepale, chini yake."

Shangazi akarudisha mto kwenye kiti, akaketi.

Wageni waliingia, mbele yao mwalimu mkuu mmoja, mama mrefu mwenye sauti iliyozoea uwanja wa shule. "Kama mnavyoona," Meneja akawa anasema, "kila kitu kwetu kinafanana. Huu ni ukurasa wa kitabu cha darasa la pili, leo unakwenda kiwandani."

"Hauendi," akasema Shangazi.

Meneja akakohoa. "Mama, wageni..."

"Hao wageni ndio nawaambia. Kasi, njoo usome mstari wa tatu."

"'Asubuhi, mama alimpigia mtoto pasi.'"

"Soma kilichoandikwa, usisome unachokijua."

Kasi akasogea kwenye vile vigae. Masikio yakamwiva. "'Asubuhi, mama... alimpiga mtoto pasi.'"

Chumba kililipuka kwa kicheko. Mwalimu mkuu alishika meza. "Darasa la pili! Wazazi wangenichoma moto!"

"Imekosekana i moja," Shangazi akasema, "herufi nyembamba kuliko zote. Kwenye skrini hizo nyingine, wameipita wote."

"Hata mimi ningeipita. Hizo ndogo nilikuwa najifanya nazisoma." Mwalimu akamgeukia Meneja. "Aliyeweka hii inayosomeka ni nani? Kitabu changu kisomwe hivi, na asome huyu mama."

"Ni Fundi wetu," Meneja akasema, na sauti yake ikawa nyembamba kama ile i.

Kasi alikuwa ameshafika kwenye kiti chake anakuza herufi. Jirani yake akakuza, na mwingine, mpaka vigae vikaenea chumba kizima juu ya ile buluu moja.

Hapo simu ikaanza kulia mapokezi. Ikalia, ikalia.

"Meneja," akasema Shangazi bila kuinua macho kwenye ukurasa, "kuna simu inayohitaji mtu wa kuipokea."

Naye akaenda.