Chumvi ya Langoni kwa Onni

Mke wangu Sirkka aliendesha gari taratibu kiasi cha kuudhi watu. Ukimkuta mbele yako kwenye barabara ya Haukkavaara, utamaliza kahawa yako, utapiga miayo, utawaza dhambi zako zote, na bado taa zake za nyuma ziko palepale. Vijana wa kijijini walimbandika jina la Konokono. Yeye alicheka tu. "Waniite wanavyotaka," alisema. "Mimi wagonjwa wangu wananisubiri, na siku zote nafika."

Alikuwa muuguzi wa kuwazungukia wagonjwa majumbani. Kila asubuhi alianzia kwa mzee Onni, ng'ambo ya kilima cha Haukkavaara, kumchoma Aune sindano ya sukari. Aune, mkewe Onni, macho yamekwisha, na mikono ya Onni inatetemeka mno kushika sindano. Bila Sirkka asubuhi yao haikuanza.

Mimi naendesha lori la barabarani: jembe la theluji mbele, chumvi nyuma. Watu wanadhani dereva wa chumvi anaangalia barabara, akiona inateleza anamwaga. Hayo yalikuwa ya zamani, na mimi niliyawahi. Siku hizi anayeamua ni kihisi. Ni kidude cha duara, kipana kama kisosi, kimezikwa ndani ya lami, uso wake sawasawa na barabara. Kinapima baridi ya lami, kinajua kama pamelowa, na kinaonja kama majimaji yaliyopo yana chumvi. Habari hizo zinakwenda mjini, mbali huko, kwenye kituo cha barabara ambako vijana wamekaa mbele ya skrini. Penye hatari panawaka nyekundu, penye usalama kijani. Nyekundu, napigiwa simu naondoka. Kijani, nakaa nanywa kahawa. Na lori lenyewe linarekodi kila konzi ninayomwaga, maana chumvi ikizidi inashuka kwenye maji ya ardhini. Hilo sibishi, maji hayo nayanywa na mimi.

Barabara yetu ilipewa kihisi kimoja. Wangekiweka Haukkavaara juu, penye kona na upepo wa ziwa, hata mtoto angeelewa. Lakini juu hakuna nguzo ya umeme. Nguzo iko bondeni, mbele ya lango la Onni. Wakakizika hapo, wakapiga picha wakiwa wanatabasamu, wakaenda zao.

Asubuhi hiyo ya Desemba mvua ilinyesha juu ya ardhi iliyoganda. Kwetu hakuna kibaya kuliko hicho. Theluji unaiona. Mvua ya namna hiyo ikitua kwenye lami inageuka barafu palepale, na wewe unadhani barabara imelowa tu. Nilikuwa karakana, lori limejaa chumvi, injini imeshapata moto. Nikatoka kusikiliza mvua, mguu ukakimbia, nikaanguka chali. Nilipoinuka niliingia ndani kuangalia skrini. Barabara zote za jirani zilikuwa nyekundu. Ya kwetu ilikuwa kijani, imetulia kama haihusiki.

Nikampigia Netta, aliyekuwa zamu kule mjini. Hatujawahi kuonana, lakini tumezungumza majira mengi ya baridi.

"Netta, nipe Haukkavaara niondoke."

"Haukkavaara ni kijani, Reijo. Pamelowa, lakini chumvi iko ya kutosha. Hapagandi."

"Chumvi ya nani? Mimi sijagusa barabara ile tangu wiki iliyopita, na mvua imeshaosha kila kitu."

"Kihisi kinasema ipo."

"Kihisi kinasema! Mimi nimetoka nje sasa hivi nimeanguka kama gunia la viazi."

"Wewe uko karakana, si Haukkavaara. Umeumia?"

"Nimeumia roho. Nipe barabara. Sirkka anapita kule sasa hivi."

"Reijo, nikikupeleka huko, barabara kuu nampa nani? Mabasi ya shule yanaanza kutoka, na kule ni nyekundu tupu. Kamera ya kwenye nguzo ya bondeni naiangalia hapa, ni giza na lami inang'aa, basi. Anza na barabara kuu. Ukimaliza tutaangalia tena."

Hakuwa na ukali wowote. Mimi ningekaa kwenye kiti chake ningesema hayohayo, na ndicho kinachonichoma mpaka leo, kwamba sikuwa na mtu wa kumfokea.

Nikampigia Sirkka. Nilijua hatapokea. Simu yake hukaa ndani ya mkoba, na mkoba hukaa buti ya gari, kwa sababu mtu ama anaendesha ama anaongea na simu. Miaka yote nilijisifu kwa watu kuwa mke wangu ana akili hiyo. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga tena, huku namlaani kwa sauti peke yangu ndani ya lori, mwanamke gani huyu, kwa nini asiwe mzembe siku moja tu kama wenzake.

Kwenye njia panda, barabara kuu ni kushoto. Nikakata kulia. Kifaa cha lori kikaanza kulia kwamba nimepotea njia, kisha simu ya Netta, kisha kifaa tena. Niliviacha vilie. Ningependa kusema nilikwenda kwa kasi. Lori la chumvi linamwaga kwa nyuma, dereva mwenyewe anatangulia juu ya barafu, na kwa tani zake, ukilikosea linakwenda linakotaka. Kwa hiyo nilikwenda kama konokono. Moyo ulikuwa unanikimbia na miguu inakanyaga breki.

Nilimwona baada ya kona ya juu. Gari lilikuwa limeshuka kati ya misonobari na kulalia mwamba upande wa dereva. Taa zinawaka, vifuta kioo vinaendelea kufuta mvua. Niliteremka kwa makalio kwa sababu kusimama hakukuwezekana. Nikamwita. Nikaingiza mkono dirishani nikaushika wake, ulikuwa ndani ya glavu niliyomfumia mimi mwenyewe aliponibishia kuwa mwanamume hawezi kufuma. Alikuwa ameshakufa. Gari la wagonjwa lilichelewa sana kufika kwa kuwa nalo lilikuwa linateleza, nami nilikaa pale nikilia na kumwambia mambo ya kipuuzi, kwamba supu imebaki, kwamba nimesahau kutoa matandiko nje.

Walipokuja, nikamkumbuka Aune na sindano yake. Kijana mmoja wa gari la wagonjwa akachukua mkoba wa Sirkka wenye sindano, tukateremka kilima kwa miguu, pembezoni penye nyasi, tukishikana kama walevi.

Onni alikuwa langoni, ndoo mkononi.

"Reijo!" akaita. "Leo Sirkka kachelewa. Mwambie hapa asiwe na wasiwasi, nimeshamwaga."

"Umemwaga nini?"

"Chumvi, nini kingine? Kila siku namwagia kabla hajafika, tangu baridi ianze. Hapa anapokatia kona pana mteremko, gari lake lingeingia mtaroni. Usimwambie lakini. Atanigombeza ninatoka nje na mguu huu."

Nikatazama chini. Kidude cha duara kilikuwa katikati ya buti zake, kimelowa vizuri, punje za chumvi zinayeyuka juu yake. Kila asubuhi mzee huyu alikuwa anaulisha mji mzima habari njema kutoka langoni kwake, na mji ulikuwa unaamini kuwa kilima chote kimekula chumvi hiyo. Nilielewa yote mara moja. Kijana wa gari la wagonjwa ndiye aliyemwambia Onni kilichotokea. Mzee aliiweka ndoo chini polepole, kisha akavua kofia mvuani.

Nilimweleza Netta siku iliyofuata. Alilia kwenye simu.

"Watakihamisha," akasema. "Nimeshawaambia wakubwa. Lakini lami haikatwi ardhi ikiwa imeganda. Ni mpaka Juni."

"Na mpaka Juni tufanye nini?"

"Nitakuwa nakupigia simu kukuuliza wewe. Lakini zamu zangu zina mwisho, Reijo, wengine watafuata skrini. Mwambie mzee aache chumvi."

Kumwambia aache ilikuwa rahisi. Nilimpelekea mchanga wa kutosha baridi nzima, nikamwambia chumvi itaingia kisimani kwake na kuharibu kahawa ya Aune. Onni alishtuka, akaifungia ndoo ghalani. Nikarudi nyumbani nikidhani yamekwisha.

Baada ya mazishi tulikunywa kahawa katika ukumbi wa kanisa, mkate wa iliki mezani, watu wakizungumza chinichini. Onni alikuja na tai, Aune amemshika mkono wa koti. Wakakaa karibu yangu. Mzee alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema.

"Walikuja vijana wa makoti ya rangi ya chungwa. Wakaniuliza nilikuwa namwaga chumvi kiasi gani, na tangu lini. Wakapiga picha lango langu. Kwa nini waniulize hivyo, Reijo?"

"Mambo ya kisima. Si nilikwambia."

"Watu wa barabara kisima changu kinawahusu nini?" Akaweka kikombe mezani. "Mimi ni mzee, mjinga sijawa. Lile dude liko langoni kwangu. Nimewaza usiku na mchana. Niambie ukweli. Ni mimi?"

Aune aligeuza uso wake upande wangu, macho yale yasiyoona, akisubiri.

Nitasema wazi kwamba saa ile nilimchukia Onni. Nilimchukia yeye, ndoo yake na wema wake wa alfajiri. Neno moja la ndiyo lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa la kweli. Lakini nilijua Onni angelibeba kwenda nalo nyumbani, na angelala nalo, na siku moja Aune angeita asubuhi asijibiwe. Sirkka aliwahangaikia wawili hao kila siku ya Mungu. Nikamtafuta kichwani aniambie la kufanya. Sikusikia kitu.

"Alikuwa anakimbiza gari," nikasema.

"Nani?"

"Sirkka. Alichelewa kutoka nyumbani. Alikimbia, akashindwa kona. Chumvi haihusiki."

Onni alinikazia macho muda mrefu. Naye alishawahi kukaa nyuma ya gari lile akipiga miayo. Nikadhani ataniita mwongo mbele ya watu wote, na kwa kweli nilitamani aniite hivyo. Kisha mabega yake yakashuka, pumzi ikamtoka, na machozi yakamlowesha masharubu.

"Wanawake hawa wenye haraka," akasema. "Nilimwambia siku zote aende taratibu."

Hakuwahi kumwambia. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kuhitaji kumwambia. Aune alinyoosha mkono akanipapasa shavu, na Onni akachukua kipande cha mkate, akala.

Wiki ya pili nilikwenda dukani. Pirjo, mwenye duka, alikuwa anapitisha bidhaa zangu huku ananionea huruma.

"Pole sana, Reijo. Yaani nani angedhani! Sirkka na mwendo kasi."

"Na sisi tulivyokuwa tunamwita Konokono," kijana mmoja nyuma yangu akadakia. "Kumbe asubuhi watu wasipoona, mama anakanyaga mafuta."

"Nyamaza wewe, huna adabu," Pirjo akamkaripia. Kisha akaniinamia, sauti chini. "Mzee Onni ndiye aliyetuambia. Lakini mimi nimekataa kuamini. Ni kweli?"

Alikuwa tayari kabisa kuniamini mimi. Ningetikisa kichwa tu, kabla ya jioni kijiji chote kingejua, na Onni naye angejua.

"Ni kweli," nikasema.

Nikalipia maziwa na mkate, nikatoka. Barabara ilikuwa kavu, imemwagiwa mchanga, haina tatizo lolote. Niliendesha mpaka nyumbani kwa mwendo wa Sirkka, na gari lililokuwa nyuma yangu likaniwashia taa nisogee.