Albamu Mbili za Ijumaa Moja

Ijumaa hiyo studio yangu ilitoa albamu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kaburi Wazi, kundi la muziki wa metali, vijana wanaojulikana na mama zao pamoja na majirani waliowashtaki kwa kelele. Ya pili ilikuwa ya mke wangu, mwenye gitaa lake na sauti ya kubembelezea mtoto. Wasikilizaji wake walikuwa wachache pia, ila hawakuwahi kushtaki.

Mimi ni fundi sauti. Sisikilizi maneno. Mtu akiniimbia kwamba nyumba inaungua, nitamwambia asogee nyuma kidogo, pumzi yake inagonga mikrofoni. Watu huona ni kiburi, lakini hata fundi cherehani hasomi maneno yaliyochapwa kwenye kitambaa.

Radi, mwimbaji wa Kaburi Wazi, alikuja na soda tusherehekee. Jukwaani hunguruma mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kazini huuza miwani na kumwita kila mteja "mzee wangu". Tukacheza albamu yake kwanza. Nikasifu besi. Akaniambia wimbo wa tatu ni wa kumwomba mama yake msamaha. Nikasema sikujua. Akasema hata mama mwenyewe hajajua.

Kisha nikaweka wimbo wa mke wangu, ule uliobeba jina la albamu. Nilikuwa najivunia hasa neno "usinitafute". Ile "s" ilikuwa inafoka kama sufuria, nikahangaika nayo mpaka ikalainika. Nikamwambia Radi asikilize hapo. Akasikiliza, akaweka soda chini.

"Pole, kaka," akasema.

"Pole ya nini? Bado inafoka?"

"Hapana, iko sawa kabisa. Pole ya shemeji."

"Shemeji kafanya nini?"

"Kaka, kwani wewe husikii anachosema?"

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilikuwa zima, tena ndilo linalotulisha. Nikaurudisha wimbo mwanzo, safari hii nikasikiliza kama mtu asiye na kazi. Mwanamke anaishi na mwanamume anayemsikia akikohoa chumba cha pili lakini hamsikii akizungumza. Ubeti wa pili, anakunja nguo zake. Kwenye kiitikio anamwambia akiamka asimtafute. Gitaa limekaa vizuri sana.

"Nenda nyumbani, mzee wangu," Radi akasema.

Nilimkuta mke wangu mezani, anasoma kwenye simu maoni ya wasikilizaji.

"Wanauliza kama ni kweli," akasema bila kuinua macho.

"Hata mimi nauliza. Ni kweli?"

Akaiweka simu kando. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ilinitisha kuliko hasira zake zote.

"Tulipokuwa tunarekodi haikuwa kweli, mume wangu. Ulikuwa wimbo tu. Niliuimba mbele yako asubuhi mpaka jioni, nikingoja uniulize."

"Na sasa?"

"Sasa wimbo umeshatoka," akasema, "na watu wasionijua wameniuliza kabla yako."