Ukungu wa Nyota ya Manase

Manase alikuwa na kichwa kigumu, na alijivunia hilo. Tangu Mwingereza aingie, yeye ndiye aliyeshika zibo la ndiva, lile bwawa la mlimani juu ya Makanya: jioni anaziba maji yajae, alfajiri anazibua yashuke mashambani kwa zamu. Msimu huo ndiva ilifurika, ikasomba mahindi ya jirani yake Chande, na Chande akasema mbele ya watu kwamba mzee haoni tena alama ya maji.

"Mwenyewe anadai kuna nyota ya kusini yenye ukungu," alicheka Chande. "Ukungu uko machoni pake!"

Maneno yale yalimchoma Manase. Nyota ile alikuwa akiiona hivyo tangu ujana wake! Kwa hasira alimchukua binti yake Eliwaza, akamlazimisha na Chande aje, wakateremka hadi kambi ya mzungu mpima ardhi, aliyekuwa na darubini ndefu ya kutazamia nyota. Nyota ikionekana haina ukungu, Manase ataacha zibo. Ikionekana mzee alisema kweli, Chande afunge mdomo.

Giza lilipoingia, Sefu, msaidizi wa mzungu, aliielekeza darubini kusini. Chande akainama, akachungulia.

"Kumbe si nyota moja," alisema. "Ni tele, kama ulezi kwenye ungo!"

"Ni kundi zima," Sefu alieleza. "Liko mbali mno, kupita nyota hizi nyingine zote. Kwa macho matupu kila mtu huona ukungu."

Chande alimgeukia Manase. "Nisamehe, mzee. Macho yako mazima. Mwenye kuona vizuri ndiye ashike zibo."

Manase alicheka hadi jino la mwisho likaonekana, akainama naye autazame huo ulezi. Akapepesa. Akafuta jicho kwa shuka, akajaribu la pili. Ukungu mtupu. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini aliyakumbuka mahindi ya watu yakielea kwenye tope.

"Eliwaza, tazama wewe."

"Naziona, baba. Hazihesabiki."

"Mimi sioni hata moja," Manase alisema kwa sauti, wote wasikie. "Kuanzia kesho zibo ni lako."

Chande aliruka. "Mwanamke ashike ndiva?"

"Mwenye kuona vizuri. Umesema mwenyewe sasa hivi." Manase alimshika binti yake mkono. "Twende, mwanangu. Alfajiri una maji ya kufungulia."