Mkate Unaopumua

Zambeta alimwonya bintiye tangu mwanzo. "Kaliroi, nyoka wako wahesabu huko huko korongoni. Kwangu usiwalete."

"Mama nawe! Nikishawapima nawarudisha. Hata kahawa yako hawainywi."

"Cheka tu."

Kila masika Kaliroi alikamata vipiri, nyoka wenye sumu wa kisiwa chao cha Milos, akawatia alama, ili ijulikane wamebaki wangapi kisiwani. Kila nyoka alimtia ndani ya foronya kuukuu, akaifunga mafundo mawili. Foronya zenyewe zilitoka kabatini mwa mama yake. Na Zambeta, kama wanawake wote wa kijiji chao, mikate yake mikavu aliitia ndani ya foronya, mafundo mawili, akaitundika msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, panya wasiifikie.

Siku moja mvua ilimkuta Kaliroi korongoni na mizani yake ikaharibika. Akaja kuazima ya mama yake, ile ya kupimia unga. Zambeta alikuwa uani akianua nguo. Foronya ya mikate ilikuwa mezani, msumari mtupu. Kaliroi akatundika yake, akaenda kubadili nguo. Dakika moja tu.

Zambeta aliporudi, mjukuu wake Marusa, binti wa Kaliroi, miaka minne, alikuwa amesimama juu ya kigoda. Ameikumbatia foronya kifuani. Fundo moja ameshalifungua.

"Bibi, mkate unapumua."

Zambeta akatazama mezani. Foronya ya mikate ipo pale pale, imejaa.

Akaruka, akampokonya mtoto ile foronya, na meno ya kipiri yakapenya kitambaa yakazama kwenye kidole gumba chake.

Akapiga kelele. "Kaliroi! Unatuua!"

Hakufa. Alilala hospitali siku sita, mkono umevimba kama paja. Kidole hakikunjiki mpaka leo.

"Ilikuwa dakika moja, mama," Kaliroi alilia kando ya kitanda.

"Na mwanao aliona njaa dakika hiyo hiyo."

Sasa foronya za nyoka zimetiwa rangi nyekundu, na hazivuki kizingiti. Msumari Zambeta aliung'oa mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Wenye watoto, kazi ya hatari isiingie jikoni, hata kwa kupita.

Marusa naye, akipewa mkate, huuweka kwanza sikioni.